Vifaa vya Kupanda Kilimanjaro: Jinsi ya Kuchagua, Kukagua na Kufungasha

Wapandaji wengi wa nyumbani wanaoteseka Kilimanjaro huangushwa na makosa yale yale. Koti moja nene lisilozuia upepo. Buti mpya zilizonunuliwa wiki ya mwisho. Begi la kulalia lililochaguliwa kwa kuliminya tu na kusema "hili zito, litafaa". Kuishiwa pumzi kunatokana na urefu wa mlima, na dawa yake haiuzwi dukani. Lakini baridi, malengelenge na nguo mbichi ni mambo ya vifaa, na yote yanazuilika ukiwa bado mjini.

Kanuni ya kuanzia ni hii: miliki kinachogusa ngozi, kodi kinachokaa nje. Buti, soksi, nguo za ndani na glavu nyembamba lazima vizoeane na mwili wako, kwa hiyo nunua mapema uvivae. Koti la manyoya (lililojazwa manyoya ya ndege au nyuzi), begi la kulalia, gaita (vifuniko vya kukinga mdomo wa buti) na fimbo utavitumia siku chache tu, na Moshi na Arusha vinakodishwa. Kuvinunua vipya kwa safari moja ni kutupa fedha.

Orodha hii inafaa pia Mlima Meru (mita 4,566) na Point Lenana ya Mlima Kenya (mita 4,985). Meru unaweza kupunguza kidogo unene wa begi la kulalia. Mlima Kenya usipunguze kitu.

## Vitu vinavyohitajika

Miguuni: buti za kupandia mlima jozi 1, raba nyepesi za kambini jozi 1, soksi nene za sufu jozi 3, soksi nyembamba za ndani jozi 3, gaita za kuzuia vumbi na changarawe jozi 1.

Mwilini: fulana za ndani za mikono mirefu 2 na suruali za ndani za kubana 2, zote za poliesta au sufu, fulana za kutembelea 2, suruali nyepesi za kutembelea 2, sweta la flisi (kitambaa laini chenye vinyweleo) 1, suruali ya flisi 1, koti la manyoya lenye kofia 1, koti la mvua 1 na suruali ya mvua 1, chupi zinazokauka haraka 5.

Kichwani na mikononi: kofia ya jua, kofia ya sufu inayofunika masikio, skafu ya mduara ya shingoni, glavu nyembamba, glavu nene za mfuko, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja, miwani ya jua.

Kulala: begi la kulalia, shuka lake la ndani, godoro la hema kama njia yako ni ya mahema.

Kubebea: begi la mgongoni la lita 30 hadi 35 na mfuniko wake wa mvua, begi laini la lita 70 hadi 90 kwa mpagazi, mifuko 4 isiyopitisha maji.

Vidogo: tochi ya kichwani na betri za akiba, chupa ngumu za maji za lita moja 3, fimbo 2, losheni ya jua yenye SPF 30 au zaidi, mafuta ya midomo, plasta za malengelenge, karatasi za chooni, pawabenki.

Vya kukagulia nyumbani: mizani, beseni, gazeti kuukuu na futi ya fundi cherehani. Vinne hivi vitakuokolea pesa kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya baridi kabla ya kwenda sokoni

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, kuna tofauti ya kama mita 5,000, yaani zaidi ya nyuzi 32. Usiku wa Moshi ukiwa na nyuzi 18, kileleni tarajia karibu nyuzi 14 chini ya sifuri. Hapo upepo bado haujaanza kuvuma.

Siku ya kwanza, hata hivyo, utakuwa msituni kwenye joto na unyevu, ukitokwa jasho. Ndiyo maana koti moja nene halikusaidii: linazidi chini na linapungua juu. Unahitaji nguo za kuongeza na kupunguza.

Halafu amua njia. Marangu ina vibanda vyenye vitanda na magodoro huko Mandara (mita 2,720), Horombo (3,720) na Kibo (4,720), kwa hiyo hubebi hema wala godoro. Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe ni njia za mahema. Kwa kawaida kampuni huleta hema, ila uliza waziwazi kama godoro limo, na lina unene gani.

Msimu nao una neno lake. Masika, Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba na Desemba hudai suti ya mvua isiyo na mzaha. Juni hadi Agosti kuna ukavu, lakini usiku huwa mkali zaidi kuliko Januari na Februari.

## Hatua ya 2: Buti kwanza, fedha nyingine baadaye

Bajeti ikiwa ndogo, tumia sehemu kubwa hapa. Koti baya utaliongezea sweta. Buti mbaya haina cha kuongezea.

Aina. Tafuta buti inayofunika kifundo cha mguu, yenye soli ya meno marefu, isiyopinda kirahisi katikati ya unyayo lakini inayopinda kwenye vidole. Epuka buti za ujenzi zenye chuma mbele. Ni za bei nafuu na zinaonekana imara, lakini ni nzito, na chuma hunyonya joto la vidole usiku wa kilele.

Saizi. Nenda sokoni alasiri, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani utavimba hivyo hivyo. Vaa soksi zile zile utakazopandia. Ingiza mguu bila kufunga kamba, sukuma mbele mpaka vidole viguse, kisha pitisha kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Kikipita kwa kubana kidogo, saizi ni sawa. Kisipopita, ongeza nusu saizi au saizi nzima. Wengi wetu tunapenda kiatu kikamate. Kwenye kushuka, kiatu kinachokamata mbele ndicho kinachoondoka na ukucha wa kidole gumba.

Ukaguzi wa mitumba. Memorial pale Moshi, Karume Dar es Salaam, Gikomba na Toi Nairobi: kote utapata buti nzuri zilizotumika, na kote utapata maiti zilizopigwa brashi. Kagua kwa mpangilio huu:

1. Bonyeza kwa ukucha soli ya kati, ile sehemu laini iliyo kati ya ngozi na raba ya chini. Ikimeguka, ikitoa unga au ikibaki na shimo, iache. Soli nyingi za kati ni za poliyurethani, na unyevu wa hewa huiozesha polepole hata kama buti haijawahi kuvaliwa. Buti inayong'aa iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kuachia soli siku ya pili ya safari.
2. Kunja mbele mara kumi huku ukitazama pembeni. Nyufa za mlalo ni onyo.
3. Vuta raba kwenye ncha ya vidole na kwenye kisigino. Ukiona mstari unaong'aa wa gundi ya haraka, jua imeshaachia mara moja. Gundi ile hukauka ikawa ngumu na hukatika inapokunjwa.
4. Ingiza mkono ndani, papasa kisigino. Kitambaa kilichotoboka hapo kitakuchuna ndani ya saa mbili.
5. Linganisha soli mbili. Kama upande mmoja umelika sana, buti imeshachukua mwendo wa mtu mwingine na itaulazimisha mguu wako uufuate.

Jaribio la maji. Nyumbani jaza gazeti kavu ndani ya buti, isimamishe kwenye beseni lenye maji yanayofika kwenye vidole lakini chini ya ulimi wa kiatu, na uiache dakika 20. Gazeti likitoka kavu, umepata. Likilowa kidogo kwenye mshono mmoja, nta ya ngozi inaweza kusaidia kama buti ni ya ngozi. Likilowa kote, hiyo ni ya kiangazi tu.

Kuzoeza. Anza wiki nne kabla ya jaribio la Hatua ya 8. Wiki ya kwanza vaa ndani ya nyumba saa moja kila siku. Wiki ya pili tembea kilomita 5 mara tatu. Wiki ya tatu ongeza begi la kilo 5 na ufike kilomita 10. Wiki ya nne tafuta mlima, na ushuke nao, kwa sababu kisigino huumia kupanda na vidole huumia kushuka.

Ukihisi sehemu inaanza kuwaka, simama hapo hapo ubandike plasta. Lengelenge lililokwisha kujaa maji halina plasta ya kulirudisha.

Soksi. Soksi nyembamba ndani, nene ya sufu juu, basi. Kishawishi cha kuvaa mbili nene usiku wa kilele ni kikubwa, lakini buti ikibana damu haifiki vidoleni, na mguu uliobanwa hupoa haraka kuliko wenye soksi moja. Pamba isiwemo hata kidogo.

*Umefaulu kama:* unashuka ngazi za ghorofa tatu ukiwa na kilo 8 mgongoni, vidole havigusi mbele, na kisigino hakinyanyuki ndani ya kiatu.

## Hatua ya 3: Nguo kwa matabaka

Kinachokupa joto ni hewa iliyokamatwa kati ya nguo na nguo. Nguo yenyewe huishikilia tu. Ukielewa hilo, kila uamuzi wa hapa chini unajieleza.

### Tabaka la ngozi

Kazi yake ni kuondoa jasho. Poliesta na sufu huliachia. Pamba hulinywa na kukaa nalo, kisha linapopoa linakupoza na wewe. Fulana ya pamba uliyotembelea mchana ndiyo inayomtetemesha mtu kambini jioni, ingawa amevaa koti juu yake.

Huna haja ya duka la michezo. Jezi ya mpira ya poliesta ni fulana nzuri sana ya kutembelea, na mlima haubagui Simba na Yanga. Jinzi ibaki nyumbani: ni nzito, hainyooki vizuri kwenye hatua ndefu, na ikilowa haikauki mpaka urudi.

Tenga seti moja ya nguo za ndani isiyotembelewa kamwe. Hiyo ni ya kulalia na ya usiku wa kilele. Ikae kwenye mfuko wake usiopitisha maji tangu langoni.

### Tabaka la joto

Sweta la flisi kwa kutembea kwenye baridi, koti la manyoya kwa kusimama na kwa kilele. Flisi nzuri ukiinyoosha juu ya taa huoni mwanga mwingi kupita. Iliyotoka vinyweleo na kubaki kama kitambaa cha meza imekwisha.

Koti la manyoya lina aina mbili. La manyoya ya bata au bukini ni jepesi na lina joto zaidi kwa uzito wake, lakini likilowa hujikunja mabonge na joto linaondoka. La nyuzi za viwandani ni zito kidogo, ila likilowa bado linakusaidia. Kwa msimu wa mvua, chukua la nyuzi.

Kukagua lililotumika: likunje ngumi nzima, lishike kwa hesabu ya kumi, uliachie. Linapaswa kufura lenyewe ndani ya sekunde chache. Halafu liinue dhidi ya mwanga uone kama kuna vyumba vitupu, hasa mabegani na kwenye viwiko. Mabonge ya bata wakati mwingine hufunguka yakifuliwa kwa upole na kukung'utwa kwa saa nyingi yakikauka. Ya nyuzi yakishalala hayaamki.

### Tabaka la upepo na mvua

Hapa ndipo mitumba hudanganya zaidi, kwa sababu ubovu uko ndani. Geuza koti. Utaona utepe uliobandikwa juu ya mishono; ukibanduka, maji yatapita hapo hapo. Pangusa kitambaa cha ndani kwa kiganja: kikiacha magamba meupe au kikinata kama peremende, utando wa kuzuia maji umekufa na hakuna fundi wa kuufufua. Harufu ya uchachu isiyotoka hata baada ya kufua ni dalili ile ile.

Kisha fanya jaribio la kikombe. Bonyeza sehemu ya kifua itengeneze bakuli, weka karatasi ya chooni chini yake, mimina maji nusu kikombe, subiri dakika tano. Karatasi ikiwa kavu, koti ni zima. Kama maji hayapiti lakini kitambaa cha nje kinayanywa badala ya kuyaacha yateleze, tatizo ni dogo: lifue kwa sabuni kidogo, suuza mara mbili, likauke, kisha kama lebo inaruhusu lipigwe pasi ya moto mdogo sana likiwa limefunikwa kitambaa.

Nunua koti la mvua kubwa kwa saizi moja. Linakaa juu ya manyoya, na manyoya yakibanwa hayana hewa.

*Umefaulu kama:* umevaa matabaka yote kwa pamoja, unaweza kuchuchumaa, kuinua mikono juu na kufunga zipu zote bila kusikia kubanwa kifuani. Fanya hivyo nyumbani, hata kama Dar watakucheka.

## Hatua ya 4: Mikono, masikio na macho

Glavu za mfuko zina joto kuliko za vidole kwa sababu vidole vinapashana joto. Lakini kwa glavu za mfuko huwezi kufunga zipu wala kufungua chupa, ndiyo maana unavaa nyembamba ndani: ukivua ya nje kwa nusu dakika, ngozi haibaki wazi. Zifunge kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Glavu iliyochukuliwa na upepo juu ya mita 5,000 hairudi.

Miwani iandikwe UV400, alama ya kuzuia mionzi mikali ya jua. Mionzi ya jua huongezeka kadiri unavyopanda, na barafu ya kileleni huirudisha usoni kutoka chini. Miwani ya kiza isiyo na kinga ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana mboni hupanuka na kuruhusu mionzi mingi zaidi. Losheni ya jua ni ya kila mtu. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, lakini midomo na juu ya pua haviwezi kuponea siku sita.

## Hatua ya 5: Begi la kulalia

Usisome jina la kampuni, soma lebo ya joto. Mabegi mengi yana namba tatu: "Comfort", "Limit" na "Extreme". Ya kwanza ndiyo joto ambalo mtu anayesikia baridi kwa kawaida hulala vizuri. Ya pili ni mpaka wa kuvumilia kwa mtu mwenye mwili wa joto akiwa amejikunyata. Ya tatu ni namba ya kunusurika, haina uhusiano na kulala. Wauzaji hupenda kuisoma ya tatu kwa sababu ndiyo ya kutisha.

Kwa Kilimanjaro tafuta namba ya kwanza iwe nyuzi 7 chini ya sifuri au chini zaidi ya hapo. Kwa Meru, sifuri hadi nyuzi 5 chini.

Mabegi kutoka Marekani huandikwa kwa Farenhaiti, na hapo watu huibiwa bila mtu kuiba. "40" ni nyuzi 4 za Selsiasi, "20" ni 7 chini ya sifuri, "0" ni karibu 18 chini ya sifuri. Begi lenye 20 linaonekana la mahali pa joto, kumbe ndilo la mahali pa baridi. Na lenye 40, ambalo ni jepesi na la bei poa, ni la Lushoto mwezi wa Februari.

Kagua zipu kwa kuifungua na kuifunga mara kumi mfululizo ukiwa ndani, gizani. Pima urefu: kimo chako jumlisha sentimita 15 hadi 20. Refu mno hulipashi, fupi mno vidole hukandamiza manyoya na kupoa. Kwa begi la kukodi, beba shuka lako la ndani. Ni usafi, na linaongeza joto kidogo.

Chini yako ni muhimu kama juu yako, kwa sababu mwili hukandamiza manyoya ya upande wa chini na ardhi hunyonya joto. Godoro la sponji ngumu la sentimita moja na nusu ni chembamba peke yake. Weka mawili, joto lake hujumlishwa.

Hila ya jioni: jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, kaza kifuniko, igeuze juu ya beseni kuhakikisha haivuji, ivalishe soksi, iweke miguuni. Asubuhi unakuwa na maji ya kunywa. Usifunike pua ndani ya begi. Mvuke wa pumzi hulilowesha, na usiku unaofuata utaulipia.

## Hatua ya 6: Mabegi na mizani

Kanuni za hifadhi zinampa mpagazi kikomo cha kilo 20, naye ana vitu vyake mwenyewe vya kubeba. Ndiyo sababu kampuni nyingi humwambia mpandaji asizidishe kilo 15. Pima nyumbani. Kuanza kutupa vitu langoni asubuhi ya safari ni njia ya hakika ya kuacha kile kitakachokufaa.

Begi la mpagazi liwe laini, bila magurudumu wala fremu. Linabebwa kichwani na shingoni. Sanduku gumu ni adhabu kwa mtu anayekusaidia, na halifungiki vizuri juu ya mzigo mwingine.

La kwako la mgongoni: mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kaza huo kwanza, kisha mikanda ya mabega. Ukiweza kupitisha kiganja chini ya mkanda wa bega bila shida, uzito umekaa nyonga panapotakiwa. Ndani beba tu vya siku: maji lita 3, koti la mvua, flisi, chakula cha mchana, losheni, plasta, karatasi za chooni. Jumla isipite kilo 8. Koti la mvua liwe juu kabisa, maana wingu la msituni halipigi hodi.

Mfuniko wa mvua hauzuii maji yanayotiririka mgongoni mwako, kwa hiyo kinga ya kweli ni mifuko ya ndani. Usitegemee mifuko ya plastiki ya dukani: ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Tumia ile ya kitambaa kizito inayoviringishwa mdomo na kubanwa.

## Hatua ya 7: Maji, taa na fimbo

Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mlimani, kwa hiyo chupa ziwe ngumu na zenye mdomo mpana. Mfuko wa maji wenye mrija ni mtamu siku za chini, lakini usiku wa kilele mrija huganda kabla ya yote. Chupa ziweke kichwa chini: barafu huanzia juu, na kifuniko kinabaki kinafunguka.

Tochi ya mwanga wa lumeni 200 inatosha. La kuangalia ni kama unaweza kuiwasha ukiwa na glavu, na kama inaruhusu betri za kubadilisha. Betri za lithiamu hustahimili baridi kuliko za alkalini.

Fimbo: simama, shika mpini, kiwiko kiwe pembe ya mraba. Kupanda fupisha sentimita 5 hadi 10, kushuka refusha kiasi hicho. Ya kukodi iegemee kwa uzito wako wote kabla ya kuipokea. Ikijikunja, irudishe.

## Hatua ya 8: Jaribio la siku mbili

Wiki tatu kabla ya safari, nenda mahali penye mlima na baridi ya usiku ukiwa na vifaa vyote. Lushoto, Uluguru au Hanang kwa Tanzania; kwa Kenya, Longonot (mita 2,776) kwa miguu na milima ya Aberdare kwa baridi. Tembea saa sita na mzigo kamili. Lala kwenye begi lile lile.

Andika vitu vitatu tu: nini kilichuna, nini kililowa, nini hukukigusa. Cha tatu kitoe, isipokuwa plasta, betri na suti ya mvua.

Usibadilishe kitu baada ya jaribio hili. Soksi mpya "nzuri zaidi" iliyonunuliwa Moshi jioni ya kuamkia safari haijajaribiwa, kwa hiyo haipandi.

## Hatua ya 9: Kupanga usiku wa kilele

Fanya hivi kwenye kibanda cha Kibo au kambi ya Barafu kabla ya kulala, wakati akili bado inafanya kazi. Ukiamshwa saa 5 usiku kwenye mita 4,700, hata kutafuta soksi ni mtihani.

Lala ukiwa umevaa seti kavu ya ndani. Ndani ya begi la kulalia weka simu, betri, glavu nyembamba na soksi za kilele. Buti ziwe ndani ya hema au kibanda, kamba zikiwa zimelegezwa wazi. Losheni na miwani ziwe kwenye mfuko wa koti unaoufikia bila kuvua begi, kwa sababu jua huchomoza karibu saa 12 na nusu, na muda huo wengi wako karibu na Gilman's Point au Stella Point kwenye ukingo wa kreta, mikono ikiwa haitaki kazi.

Mavazi ya kuondokea: miguuni suruali ya ndani, ya flisi, ya mvua, na gaita juu. Kifuani fulana ya ndani, flisi, koti la manyoya, koti la mvua juu ya yote. Kama hakuna upepo, koti la manyoya lianzie ndani ya begi. Anza ukiwa unasikia baridi kidogo. Anayeanza na joto hulowa jasho ndani ya dakika 20, na jasho hilo humgeukia akisimama kupumzika.

Mapumziko yawe mafupi. Kila ukisimama, funga zipu kwanza, kunywa baadaye. Vidole vikianza kufa ganzi, viweke kwapani mara moja, na umwambie mwongozaji wako wakati bado vinauma. Maumivu yakipotea bila joto kurudi, hali ni mbaya zaidi, na hapo uamuzi wa kuendelea si wako tena.

Kabla ya kushuka, kaa chini dakika mbili. Fungua kamba za buti, gonga kisigino chini mara tatu kirudi nyuma, kisha ukaze kwa nguvu kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo kwenda juu, kwa fundo la mizunguko miwili pale kwenye mkunjo ili lisilegee. Refusha fimbo. Vua koti la manyoya mara baada ya kuacha upepo wa kingo za kreta, maana chini ya hapo jua linapanda haraka kuliko wewe unavyoshuka, na bado una saa kadhaa hadi Horombo au kambi ya Mweka.